Mpangaji si Mgeni, Wala si Mwenye Nyumba

Tuchukue kisa cha mwalimu aliyepanga vyumba viwili katika Kata ya Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda. Hatuna haja ya kumtaja jina, kwa kuwa kisa chake ni cha watu wengi, na msomaji ambaye hakijampata yeye pengine kimempata jirani yake. Mwalimu huyo alipofika kazini aliambiwa na mwenye nyumba kwamba kodi hulipwa kwa mwaka mzima, shilingi 60,000 kwa kila mwezi. Akakopa, akalipa shilingi 720,000 mkononi, akapewa ufunguo. Hapakuandikwa kitu isipokuwa kipande cha karatasi kilichochanwa katika daftari, chenye tarehe, kiasi cha fedha na sahihi moja. Mwezi wa tano ulipokwisha, barua ya uhamisho ikafika.

Ilikuwa imebaki miezi saba, yaani shilingi 420,000 ambazo ni jasho la mwalimu. Mwenye nyumba alipoombwa azirudishe alijibu kwamba fedha zilikwisha siku nyingi, zimeezeka banda la uani. Ndipo mwalimu alipofanya lile ambalo wengi hulifanya. Alimtafuta mwenzake, mgeni kazini, akapokea kutoka kwake hizo shilingi 420,000, akamwachia ufunguo, kisha akaondoka na mizigo yake. Baada ya wiki mbili mwenye nyumba akamkuta mtu asiyemjua anaanika nguo uani. Kesho yake mlango ulikuwa na kufuli jipya, na vyombo vya mwalimu wa pili vilikuwa nje.

Nani kati ya watu hawa watatu mwenye haki? Ukiwasikiliza mmoja mmoja, kila mmoja anayo ya kusema. Mwenye nyumba atakumbusha methali ya wazee, kwamba mgeni hakaribishi mgeni. Atasema nyumba ni yake, kaijenga kwa mazao ya miaka mingi au kwa kiinua mgongo chake, na kwamba viongozi wa mtaa wakimwuliza ni nani anayelala humo ni lazima aweze kujibu. Mwalimu wa kwanza atasema kwamba alilipa miezi kumi na miwili, na miezi kumi na miwili ni mali yake, alale humo yeye au amlaze mwingine. Mwalimu wa pili hana hoja nyingi. Fedha zake amempa mtu aliye mbali, na vyombo vyake vinanyeshewa.

Sisi twasema kwamba wote watatu wamekosea katika jambo moja, na kwamba wawili wa kwanza hawajaielewa hali ya mpangaji ilivyo. Mpangaji si mgeni. Mgeni hukaa kwa hisani ya mwenyeji, na mwenyeji akichoka humwaga. Mpangaji hukaa kwa sababu amenunua muda wa kukaa, na muda huo, maadamu haujakwisha na masharti hayajavunjwa, ni haki yake mbele ya mwenye nyumba mwenyewe. Lakini pia mpangaji si mwenye nyumba. Alichonunua ni muda, tena kwa masharti, wala hakununua mamlaka ya kuchagua peke yake ni nani atakayeishi chini ya paa la mtu mwingine. Baina ya kauli hizi mbili ndipo penye suluhisho, nalo ni idhini: iombwe, itolewe au ikataliwe kwa sababu, na iandikwe.

Haifai kudhani kwamba hili ni jambo dogo la watu wawili kugombana uani. Mji wa Mpanda ni mji wa watu waliofika. Ulikua kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi na kwa reli iliyoletwa kutoka Kaliua kuufuata mgodi huo. Mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Katavi kwa kumegwa kutoka Rukwa, Mpanda ukawa makao makuu ya mkoa, na pamoja na ofisi za mkoa wakaja maofisa, makarani, wauguzi na walimu. Wote hao walihitaji mahali pa kulala, na nyumba za Serikali haziwezi kuwatosha. Itakumbukwa pia kwamba kuanzia mwaka 2002 nyumba nyingi za Serikali nchini ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo, hivyo aliyekuja nyuma yao alikuta mlango umefungwa. Mtumishi wa leo hupanga kwa raia, katika kata kama Nsemulwa, na anapohamishwa huondoka akiwa ameacha fedha zake ndani ya kuta za mtu mwingine.

Hapana budi kutazama nyuma kidogo ili kuelewa tumefikaje hapa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na katika hesabu ya viongozi waliingizwa pia watumishi wa umma wa ngazi ya kati na ya juu. Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kuyatwaa majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi yaliyokuwa yamepangishwa, na Msajili wa Majumba akakabidhiwa kuyasimamia, hadi kazi yake ilipounganishwa na ile ya Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kwa nyumba zilizobaki mikononi mwa watu, sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984, iliyoichukua nafasi ya ile ya mwaka 1962, iliweka mipaka ya kodi, ikazuia kilemba, na ikamzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya chombo cha sheria.

Mambo hayo yamebadilika. Mwaka 1991, kwa uamuzi uliofanyika Zanzibar, masharti ya uongozi yalilegezwa, na mtumishi akaruhusiwa kujenga na kupangisha. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ikafutwa. Hatuandiki haya ili kulilia wakati uliopita. Twayaandika kwa sababu matokeo yake hayajaingia vizuri katika vichwa vyetu. Zamani mpangaji aliyekuwa na karatasi mbaya, au asiye na karatasi kabisa, alikuwa na sheria maalumu nyuma yake. Leo sehemu kubwa ya ulinzi wake, na wa mwenye nyumba pia, ni yale waliyopatana wenyewe. Sheria imewaachia wananchi waandikiane, nao wameendelea kupeana ufunguo kama zamani.

Kuna jambo jingine ambalo mtumishi asilisahau. Leo mtu yule yule aliye mpangaji Nsemulwa huenda ni mwenye nyumba kwao Tabora au Sumbawanga, na kila mwisho wa mwezi anapiga simu kudai kodi. Basi kanuni anayoitaka itumike juu yake awapo mpangaji ndiyo aikubali itumike juu yake awapo mwenye nyumba. Haki haiwezi kuwa na sura moja Nsemulwa na sura nyingine kule ulikojenga.

Je, sheria iliyopo inasemaje? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ina sehemu nzima inayohusu upangishaji. Inakubali kwamba upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, waweza kufanywa hata kwa maneno ya mdomo. Inasema kwamba pale ambapo muda haukutajwa, upangaji huhesabiwa kwa kipindi ambacho kodi hulipwa, na anayetaka kuuvunja hutoa notisi isiyopungua kipindi hicho. Na juu ya jambo letu la leo inaeleza wazi: pale ambapo masharti yanamtaka mpangaji apate idhini kabla ya kumhamishia mwingine pango lake au kumpangisha mwingine, mwenye nyumba hana ruhusa ya kuinyima idhini hiyo bila sababu ya haki. Vilevile, mpangaji akivunja sharti, mwenye nyumba anatakiwa ampe notisi inayotaja kosa na kumpa nafasi ya kulirekebisha. Kutupa vyombo vya mtu mvuani si notisi.

Kanuni hii haikubuniwa kwetu peke yetu. Uingereza iliiweka katika sheria yake ya mwaka 1927, na mwaka 1988 ikaongeza kwamba mwenye nyumba aliyeombwa idhini kwa maandishi ajibu katika muda wa kadiri, na akikataa ataje sababu. Jirani zetu wa Kenya wameiweka katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji, imekwenda mbele zaidi kwa kutaka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 za Uganda au zaidi uwe wa maandishi. Kwa hiyo anayedhani kwamba kumwomba mwenye nyumba sababu ni utovu wa adabu ajue kwamba ndiyo desturi ya sheria katika nchi nyingi.

Sababu ya haki ni ipi? Kama mtu anayeletwa anataka kugeuza chumba cha kulala kuwa kilabu cha pombe, hiyo ni sababu. Kama vyumba viwili vilipangwa na watu watatu na sasa wanakuja tisa, hiyo ni sababu, maana choo na kisima ni vile vile. Kama mpangaji anayeondoka anadaiwa kodi au umeme, ni sababu ya kutaka deni lilipwe kwanza. Lakini kumkataa mtu kwa kabila lake, au kwa dini yake, au kwa kuwa ni mwanamke asiye na mume, si sababu ya haki hata kidogo. Wala si sababu ya haki kukataa kwa nia ya kuipangisha nyumba upya na kupokea kodi mara mbili kwa miezi ile ile. Huyo anayelipwa mara mbili kwa kitu kimoja anavuna asipopanda, na jina la kitendo hicho tunalijua sote.

Hata hivyo, tusiwaonee wenye nyumba peke yao. Wako wapangaji ambao kupangisha tena kumekuwa biashara yao. Mtu anapata fremu ya duka kwa shilingi 100,000 kwa mwezi, haifungui hata siku moja, anampa mfanyabiashara mdogo kwa shilingi 180,000. Kwa mwaka anatia mfukoni shilingi 960,000 bila kupiga msumari wala kununua ndoo moja ya chokaa. Mwenye mali hazioni fedha hizo, na mchuuzi anazilipa kwa kupandisha bei ya sukari na sabuni, kwa hiyo mwisho wa yote anayelipa ni mnunuzi. Shirika la Nyumba la Taifa limelalamika mara nyingi juu ya wapangaji wake wanaopangisha wengine kwa kodi kubwa kuliko ile wanayolipa wao, na katika miji mingi halmashauri zimekuta vibanda na fremu zao mikononi mwa watu wasiokuwamo katika mikataba. Katika nyumba za umma madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu pengo lile kati ya kodi mbili lingeweza kujenga madarasa na kununua dawa.

Basi tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni la mtumishi anayehamishwa, anayemwachia mwenzake muda uliobaki kwa kiasi kile kile alicholipa. Huyo hatafuti faida, anatafuta kutopata hasara. La pili ni la mtu anayekaa katikati ya mwenye mali na mtumiaji ili apate riziki kwa kushika ufunguo. La kwanza listahili kusaidiwa na kuwekewa utaratibu. La pili listahili kukatazwa katika mkataba wenyewe, na likifanyika mkataba uvunjwe kwa njia ya sheria. Mwenye nyumba asiyeona tofauti kati ya hawa wawili atamwadhibu mwalimu kwa kosa la dalali.

Njia ya kuondoa ugomvi huu haihitaji sheria mpya wala gharama kubwa. Yahitaji karatasi mbili. Karatasi ya kwanza ni mkataba wa siku ya kuingia, nao uwe na kifungu cha uhamisho. Kiseme kwamba mpangaji akihamishwa kikazi atamjulisha mwenye nyumba kwa maandishi, akiambatanisha nakala ya barua yake, na kwamba mwenye nyumba atajibu kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne. Atachagua moja kati ya mawili: ama kurudisha kodi ya miezi iliyobaki, ama kumkubali mpangaji mwingine amalizie miezi hiyo kwa kodi ile ile. Akimkataa mtu aliyeletwa, aandike sababu. Na kiseme wazi kwamba mpangaji hataongeza hata senti juu ya kodi aliyolipa.

Karatasi ya pili ni ya makabidhiano, nayo itiwe sahihi na watu watatu: anayetoka, anayeingia na mwenye nyumba. Itaje miezi iliyobaki, fedha zilizotoka kwa nani kwenda kwa nani, idadi ya funguo, hali ya milango na madirisha, na umeme uliobaki katika mita ya LUKU. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, na jina la anayeingia liandikwe katika daftari lake la wakazi. Nusu saa ya kazi hiyo ingetosha kuyazuia yote yaliyompata mwalimu wa pili. Wenye mikataba mikubwa wakumbuke pia ushuru wa stempu, kwa sababu hati isiyolipiwa ushuru huo yaweza kukataliwa kuwa ushahidi siku inapohitajiwa.

Wako watakaosema kwamba kuandikiana ni kutoaminiana, na kwamba mzee wa watu aliyekupokea kama mwanawe ataona umemdharau ukimletea karatasi. Sisi twaona kinyume chake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nao hawakuwa watu wasioaminiana. Karatasi humlinda mzee huyo kuliko inavyomlinda mwalimu, kwa sababu mwalimu ataondoka na nyumba itabaki. Siku mzee akifariki na wanawe wakaja kuuliza huyu ni nani na analipa kiasi gani, karatasi ndiyo itakayojibu. Na lugha isiwe kisingizio. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, hivyo mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi, unaoeleweka na mwenye nyumba na mpangaji, hauna upungufu wowote.

Na ikiwa ugomvi umekwisha kutokea? Hapo pia utaratibu upo. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, bali kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa kupatanisha, au siku thelathini zikipita bila usuluhishi, mlalamikaji huruhusiwa kwenda mbele katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na pale Mpanda baraza hilo lipo. Rufani yake huenda Mahakama Kuu. Lakini nani kati ya mwalimu aliyehamishiwa mkoa wa mbali na mzee mwenye banda la uani atakayemaliza safari hiyo kwa sababu ya shilingi 420,000? Nauli na siku za kazi zitazila kabla shauri halijasikilizwa. Ndiyo maana twasema dawa ya ugomvi huu iko siku ya kuingia, wala si siku ya kutoka.

Twatoa rai kwa pande tatu. Ofisi za mitaa katika Nsemulwa na kata jirani zingetayarisha mfano mmoja wa mkataba na mmoja wa makabidhiano, zikauweka mezani, ili mpangaji na mwenye nyumba waje kujaza tu. Wakuu wa idara na wa shule, wanapompa mtumishi barua ya uhamisho, wamwulize swali moja: nyumba umeikabidhije? Mtumishi anayeondoka akiacha ugomvi nyuma yake anamharibia jina yule atakayekuja baada yake, maana mwenye nyumba aliyeudhiwa na mwalimu mmoja huwafungia mlango walimu wote. Nao wenye nyumba wanaodai kodi ya mwaka mzima kwa mara moja wakubali kwamba anayepokea fedha za miezi ambayo haijafika ameshika amana, na amana hurudishwa au hutumikiwa.

Turudi kwa mwalimu wa pili, ambaye vyombo vyake tuliviacha nje. Yeye hakumdhulumu mtu. Alilipa fedha halali, kwa mtu aliyemwamini, kwa ajili ya nyumba aliyoiona kwa macho yake. Kosa lake lilikuwa kutouliza swali moja dogo kabla ya kutoa fedha: mwenye nyumba anajua? Kila mtumishi anayekabidhiwa ufunguo na mwenzake aliulize swali hilo. Akijibiwa ndiyo, aseme, tena kwa heshima, twende basi kwake sote wawili, tukaandike.